NGOMA YA WATOTO HAIKESHI: MAELEZO JUU YA JINA "DISKO TOTO" NA JAMBO LENYEWE

Nia ya makala haya ni kueleza jina moja la Kiswahili cha siku hizi, yaani *disko toto*, pamoja na jambo linalotajwa kwa jina hilo. Jina hili halikutungwa na kamati yoyote. Lilizaliwa mitaani, likaingia magazetini, na sasa limekuwa neno la kawaida katika matangazo ya Polisi. Kwa jina hili hutajwa dansi la mchana lililopangwa kwa ajili ya watoto wadogo siku za sikukuu, aghalabu ndani ya ukumbi, kwa kiingilio, na kwa muziki wenye kishindo kikubwa.

Msomaji aweza kuuliza kama jambo la mchezo namna hii lastahili kurasa za jarida la uchunguzi wa lugha. Naona lastahili, kwa sababu mbili. Kwanza, jina lenyewe lina muundo ambao hauelezwi vya kutosha na sarufi tulizorithi. Pili, watoto wamekufa katika jambo hili, na tangu walipokufa watu wote wamelisema kwa jina hilo moja tu, wakilipiga marufuku au wakililalamikia, bila kuwa na jina la jambo jema liwezalo kukaa mahali pake. Si kazi ya mtaalamu wa lugha kuendesha kumbi za muziki. Lakini kama watu wamepungukiwa na neno, na kwa upungufu huo wamepungukiwa na wazo, hiyo ni kazi yake.

I. Muundo wa jina

Neno *disko* ni la kukopwa, nalo limeingia katika ngeli ya JI–MA: disko lile, madisko yale. Hata hivyo husikika pia katika ngeli ya N, "disko hii", kama ilivyo kwa maneno mengi ya kigeni ambayo hayajakaa imara mahali pamoja. Kutoka katika neno hili wasemaji wameunda jamii nzima ya majina, na hiyo ndiyo ishara ya neno lililokwisha kuwa la Kiswahili. Tanzania pana *disko vumbi*, yaani dansi linalochezwa nje, penye uwanja wa udongo, hata vumbi likatimka miguuni. Kenya, hasa katika pwani na magharibi ya nchi hiyo, pana *disko matanga*, ambalo hupigwa usiku nyumbani kwa wafiwa. Na pana *disko toto*.

Mambo mawili yafaa kuangaliwa. La kwanza ni kwamba majina haya yamefuata utaratibu wa Kiswahili, wala si wa Kiingereza. Nomino kuu imetangulia, na nomino ya kuipambanua imefuata bila kiunganishi cha *-a*. Ndivyo tusemavyo *punda milia*, *bata mzinga* na *askari kanzu*. Linganisha na jina *Toto Afya Kadi*, ambalo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliipa kadi ya matibabu ya watoto katika miaka ya 2010. Hapo maneno ni ya Kiswahili, lakini mpango wake ni wa Kiingereza: kipambanuzi kimetangulia, na jina la kitu chenyewe, yaani kadi, limewekwa mwisho. Mtu wa mtaani aliyesema *disko toto* alishika sarufi ya mababu zake kuliko ofisi iliyokuwa na wasomi.

La pili ni neno *toto* lenyewe. Sarufi ya Bibi E. O. Ashton, iliyotolewa mwaka 1944, yaeleza namna nomino ikuzwavyo kwa kuondolewa kiambishi chake na kuingizwa katika ngeli ya JI–MA. Kwa njia hiyo *mtoto* huwa *toto*, maana yake mtoto mkubwa wa umbo, na mara nyingi mna dharau kidogo au mzaha ndani yake. Udogo huonyeshwa kwa kiambishi *ki-*: *kitoto*. Lakini katika *disko toto* hamna ukubwa wala dharau. *Toto* hapa ni kipambanuzi kisichobadilika: twasema *disko toto* na *madisko toto*, wala hatusemi "madisko matoto". Neno halihesabu watoto, wala halimtaji mtoto fulani. Laeleza aina ya disko.

Hapa ndipo pana tofauti ya maana ambayo haionekani kwa haraka. Tukisema *disko la watoto*, kiunganishi chaleta wenye jambo: watoto ni watu, wana ngeli ya watu, nao wametajwa kuwa wengi. Tukisema *disko toto*, jambo ni disko lile lile la watu wazima, ila limepunguzwa likawekewa alama. Ukumbi ni ule ule, mitambo ni ile ile, mlango ni ule ule, na mwenye kukusanya kiingilio ni yule yule. Kilichobadilika ni saa na umri wa wachezaji. Sidai kwamba jina limeliumba jambo. Nasema tu kwamba jina limelieleza jambo kwa usahihi kuliko waliolitumia walivyofikiri.

II. Ngoma isiyohitaji kipambanuzi

Ili tupate kulinganisha, na tutazame mahali ambapo muziki mkubwa wenye kishindo huchezwa mbele ya watoto na wazazi wao pamoja, na ambapo hakuna aliyepata kuhitaji jina la pekee la jambo hilo. Nitachukua mfano wa Usukuma, nikikumbuka hasa vijiji vya Kimali katika mkoa wa Simiyu. Mkoa huu uliundwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Kabla ya hapo sehemu hizi za Bariadi, Maswa na Meatu zilihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na baada ya mavuno, tangu mwezi wa Juni mpaka Agosti, ni nchi ya ngoma.

Kisukuma huita ngoma ya kuchezwa *mbina*. Wachezaji wa kale wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu. Kila chama hujihesabu kuwa wafuasi wa mganga wake wa kale. Utaratibu wa mashindano yao ni wa ajabu kwa mgeni. Vyama viwili hucheza wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Hakuna hakimu mwenye kalamu. Miguu ya watu ndiyo hukumu. Kwa sababu hiyo wachezaji hubuni kila namna ya kuwashangaza watu. Bayeye hucheza na nyoka, na Banunguli, ambao asili yao ni wawindaji wa nungunungu, huja na mnyama wao. Wachezaji wa bugobogobo huja na majembe na ngoma kubwa, kwa kuwa mchezo wao umetokana na kilimo cha pamoja. Katika wigashe waimbaji huketi, na jina lenyewe latokana na kitenzi cha Kisukuma chenye maana ya kukaa.

Nani hutazama? Wote. Mtoto mchanga yupo mgongoni kwa mamaye, na akisinzia husinzia humo humo kelele ikiendelea. Mwenye umri wa kutembea husimama mbele, miguuni pa wakubwa, kwa maana ndiye mfupi. Akiogopa nyoka wa Bayeye hurudi nyuma akashika nguo ya mzazi, kisha huchungulia tena. Watoto wakubwa kidogo hujitenga pembeni wakaiga hatua za wachezaji kwa vijiti na makopo. Hayo yote hayaitwi "mbina ya watoto". Ni mbina tu. Sikukuu ya Bulabo, ifanywayo kila mwaka mwezi wa Juni huko Bujora karibu na Mwanza, nayo huendeshwa kwa desturi hiyo hiyo. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanza kazi yake hapo katika miaka ya 1950, aliichukua mbina kama alivyoikuta, pamoja na watazamaji wake wa kila umri.

Sasa angalia jambo la pili, ambalo latokana na utaratibu wa mashindano. Ikiwa mshindi ni yule anayevuta watu, basi ni sharti watu waweze kutoka upande huu kwenda upande ule. Uwanja usio na nafasi ya kupita hauwezi kutoa mshindi. Mbina yadai mahali pa wazi pasipo ukuta, na mkusanyiko ambao kila mtu aweza kuuacha wakati wowote. Wenye kuianzisha desturi hii hawakuwa wakifikiria usalama wa watoto, walifikiria ushindi. Lakini usalama wa watoto umo ndani yake.

Kiswahili cha pwani nacho kina usemi wake. Wahenga walisema: *Ngoma ya watoto haikeshi*. Methali hii hutumiwa kwa kubeza jambo lililoanzishwa na watu wasio na uzoefu, kwamba halitadumu. Lakini kabla ya kuwa mafumbo, methali huwa ni maelezo ya mambo yalivyo. Maelezo yake ni kwamba watoto wana ngoma yao. Kwamba hupigwa mapema. Na kwamba mtu mzima anajua itakwisha kabla ya usiku kuingia, maana watachoka, watalia, na wataitwa nyumbani. Methali imeweka mpaka wa saa, nayo desturi ya Usukuma imeweka mpaka wa mahali. Katika zote mbili yupo mzazi, kule akibeba na huku akiita.

III. Kutoka uwanjani kwenda ukumbini

Muziki wa gitaa za umeme ulipoenea mijini, mipaka hii ilianza kuhama. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Dar es Salaam walikuwa na madansi ya mchana, yaliyoitwa *bugi*, ambapo bendi za vijana wenzao zilipiga nyimbo za roki na soul. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku mjini humo, na malumbano yaliyofuata magazetini yalihusu zaidi utamaduni wa taifa na mwenendo wa vijana. Lakini jambo jipya lilikuwa limekwisha kutokea: dansi la umri mmoja tu, ndani ya ukumbi, lenye tikiti mlangoni, na mzazi yuko nje.

Miaka mingi baadaye, wenye kumbi waligundua kwamba siku ya sikukuu kila mtoto ana fedha kidogo mkononi na nguo mpya mwilini, na ukumbi uko mtupu mchana. Ndipo disko toto likaenea. Kwa mzazi wa mjini, mwenye shughuli za wageni na mapishi, lilikuwa faraja. Watoto walikwenda kwa makundi, mkubwa wa miaka kumi akimshika mkono mdogo wa miaka mitano. Jambo hili tusilicheke, wala tusimlaumu mzazi huyo. Mjini hapakuwa na uwanja aliofunguliwa.

Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, watoto 20 walikufa mjini Tabora katika disko toto. Ukumbi ulijaa kupita kiasi. Watoto walikosa hewa na wakakanyagana. Hakuna moto uliowaka wala paa lililoanguka. Walikufa kwa wingi wao wenyewe mahali ambapo hawakuweza kutoka. Tangu hapo disko toto limepigwa marufuku, na kila Idi, Krismasi na Mwaka Mpya zikaribiapo makamanda wa Polisi katika mikoa mbalimbali huyakumbusha makatazo hayo.

Marufuku hiyo ilikuwa ya haki, na sina neno la kuipinga. Lakini amri inayohitaji kutangazwa upya kila mwaka hutujulisha kwamba haja iliyozaa jambo lile ingalipo. Mtoto angali anataka kucheza muziki mkubwa siku ya sikukuu. Tangazo lamwambia mzazi asimpeleke wapi. Halimwambii ampeleke wapi. Na ukilichunguza kwa macho ya mtaalamu wa maana, utaona sababu moja ya upungufu huo: jambo baya lina jina, na jambo jema halina.

IV. Mifano ya ng'ambo

Nchi nyingine zimefika mahali hapa kwa njia nyingine, na yafaa tuone zimefanya nini. Kundi la The Wiggles lilianza Sydney, Australia, mwaka 1991, likiwaimbia watoto wasiofika umri wa shule. Marekani, bendi ya roki They Might Be Giants, iliyokuwa imekwisha kujulikana kwa watu wazima, ilitoa sahani yake ya kwanza ya watoto mwaka 2002. Na tangu mwaka 2005 tamasha la Lollapalooza la Chicago limekuwa na upande wake wa watoto. Huko Finland lilizuka mwaka 2009 kundi la Hevisaurus, ambalo wanamuziki wake huvaa mavazi ya dinosaria wakapiga muziki wa roki ulio mzito kuliko wote, mbele ya watoto wa miaka mitano na wazazi wao.

Mambo haya yote yana desturi moja: mtoto huja na mtu wake. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo, nilizoea kuona matangazo ya maonyesho ya namna hii yakimtaja mzazi pamoja na mtoto. Sababu si mapenzi tu, bali pia ni biashara, kwa kuwa watu wawili hulipa tikiti mbili. Hata hivyo matokeo yake ni mema. Mzazi aliyefungiwa ndani pamoja na mwanawe huona mlango uko wapi, huona joto limezidi, na hutoka mapema. Kile ambacho Usukuma ulikipata kwa desturi, wao wamekipata kwa soko.

Jambo moja wanalotushinda ni hesabu ya sauti. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, yalitoa kipimo cha usikilizaji wa salama kwa vyombo vya kusikilizia muziki: desibeli 80 kwa saa 40 katika juma kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa muda huo huo kwa mtoto. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka wa desibeli 100 kwa kumbi na matamasha, ikiwa ni wastani wa dakika 15. Sasa kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda wa salama hupungua nusu. Tukianza na saa 40 kwa desibeli 75, tutapata saa 20 kwa 78, saa 10 kwa 81, saa 5 kwa 84, saa 2 na nusu kwa 87; tukiendelea mpaka desibeli 99 tutabakiwa na dakika 9 na ushei. Maana yake, muziki ulio chini ya mpaka wa ukumbi wa watu wazima humaliza haki ya mtoto ya juma zima kabla nyimbo tatu hazijakwisha. Ngoma za ngozi nazo zina kishindo, lakini uwanjani mtoto aweza kurudi nyuma hatua ishirini. Ukumbini kipaza sauti humfuata mpaka ukutani.

V. Jina la jambo jema

Kutokana na hayo twaweza kusema kwamba ngoma nzuri ya watoto wadogo ina nguzo nne: mahali pa wazi, saa za mchana, mzazi aliyepo, na sauti iliyo mbali. Usukuma una nguzo ya kwanza, ya tatu na ya nne. Methali ya pwani ina ya pili. Disko toto lilishika moja tu, ile ya mchana, likadhani imetosha.

Jambo hili laweza kuitwaje? Naona tusiseme *disko toto salama*, kwa kuwa sifa ikiwekwa mwisho wa jina lililokwisha kuharibika haiwezi kulitengeneza. *Bonanza la familia*, kama isemwavyo na baadhi ya watu wa mijini, halina kosa, ila neno *familia* ni pana mno, wala halielezi nani amshike nani mkono. Tuna mfano bora zaidi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha watoto kilichopendwa sana, jina lake *Mama na Mwana*. Katika jina hilo wawili wametajwa pamoja, wameungwa kwa *na*, wala hakuna aliye kipambanuzi cha mwenziwe. Kwa kufuata mfano huo napendekeza *ngoma ya mzazi na mwana*. Neno *ngoma* lina upana unaotakiwa: ni chombo, ni mchezo, ni mkusanyiko, na katika usemi wa vijana wa leo ni wimbo wowote mpya, uwe wa gitaa au wa kompyuta. Halifungi mlango kwa roki wala kwa bugobogobo. Na *mzazi*, likiwa ndani ya jina, litamwuliza swali kila mtoto afikaye peke yake.

Majina hayalindi watoto, ndivyo ilivyo. Milango ndiyo iwalindayo, na nafasi, na mikono ya wakubwa wao. Lakini afisa wa wilaya anayeandika tangazo la sikukuu huandika kwa maneno aliyo nayo. Kwa muda mrefu sasa amekuwa na jina la kukataza tu. Akipata na la kuruhusu, pengine ataandika katika sentensi ya pili kwamba uwanja wa mpira utafunguliwa tangu saa nane mchana mpaka saa kumi na moja jioni kwa ngoma ya mzazi na mwana. Kimali tangazo hilo halitahitajiwa. Tabora lingehitajiwa mapema zaidi.